Kadi Arobaini Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Mei

Ijumaa mkataba wangu unaisha.

Tuko vibarua wawili katika ofisi ya kamusi, vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Kiti cha kudumu ni kimoja tu. Mwenzangu ni bwana wa dawati la dirishani, ambaye kimoyomoyo namwita Nukta, kwa sababu huweka nukta hata baada ya salamu. Shati limenyooka, kucha safi, hachelewi. Ananichefua.

Kazi yenyewe ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, lakini Mama Mhariri hataki mifano ya kutunga. Kila maana ya kila neno inatakiwa iwe na sentensi tano za Kiswahili zilizotoka vinywani mwa watu wakiwa na shughuli zao. Unasikia, unaandika kwenye kadi: juu maana, katikati sentensi, chini nani kasema, wapi, siku gani. Kadi zinakaa kwenye maboksi ya viatu. Mama Mhariri anasema mfano wa kutunga unanuka, na yeye harufu hiyo anaipata toka mlangoni.

Nukta kapewa 'worse', yaani kuzidi ubaya. Mimi nimepewa 'better'. Mwanzoni nilishangilia! Neno zuri, lina matumaini, lina maana nane. Bora kuliko. Afadhali. Kupata nafuu. Heri ufanye hivyo kabla sijakasirika. Sehemu kubwa ya siku. Kughairi baada ya kufikiri. Kumzidi mtu ujanja. Halafu mke, ambaye Waingereza humwita nusu iliyo bora, sijui nusu iliyobaki wanamwachia nani. Nane mara tano, arobaini. Mteremko!

Ninazo saba.

Watu hawasemi! Nimezunguka soko zima. Bei? Zimezidi kuwa mbaya. Barabara? Imezidi kuharibika. Mgongo? Usiniulize. Nukta anafungua dirisha tu, anatega sikio, kadi zinamwingilia zenyewe. Anazo mia moja na kumi na mbili. Mimi nimesimama foleni ya duka la dawa saa nzima nikiamini hapo lazima mtu aseme ana nafuu. Nimewauliza watu tisa wanaendeleaje. Wote: hivyo hivyo. Wa kumi akaniuliza mimi nani na nimetumwa na nani.

Sasa lenye kunitoa jasho. Wiki mbili zilizopita nilimwambia mke wangu kiti nimeshakipata. Ilinitoka tu. Alikuwa amerudi kutoka duka la dobi anakopiga pasi, mkono umeungua tena, nikataka acheke. Akacheka kweli. Leo kanionyesha barua. Anaacha kazi! Ameiandika kwa mwandiko wake ule mzuri, na ataipeleka Ijumaa mchana akiingia zamu. Kaniuliza kama kuna kosa popote. Nimesema hakuna. Kisha nimekwenda kukaa bafuni, nikafungulia maji ili asisikie napumuaje.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamka na akili mpya! Kama watu hawasemi kwamba mambo yamekuwa afadhali, nitayafanya yawe afadhali mbele ya macho yao. Watasema tu. Nami nitadaka.

Nimeanza na mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya goti. Goti lile ni hazina: likipona, kadi zote tano za nafuu zimo humo. Kulikanda siwezi, mtu na goti la mkwewe wapi na wapi. Lakini nimeaga ofisini kwamba natafuta kadi, nikarudi nyumbani, nikampelekea kigoda cha kuegeshea mguu, mto, maji ya moto kwenye chupa, na dawa ya kuchua ili binti yake ampake. Nikamuuliza anajisikiaje. Bado, mwanangu. Nikatoka, nikarudi, nikauliza. Bado. Mpaka saa sita nimeuliza mara kumi na saba. Nilipotoka nikamsikia anamuuliza binti yake jikoni kama mimi nina haraka gani na habari zake, au kuna mtu kishaambiwa achimbe.

Nikaenda kwa kinyozi. Mpango ulikuwa safi kabisa. Nikamwambia aninyoe upande wa kulia harakaharaka, wa kushoto polepole kwa utulivu, kisha aniambie upi umetoka bora. Akanyoa. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akaniangalia muda mrefu. Nikashika kalamu. Akasema pande zote ziko sawa. Si sawa! Upande wa kulia una ngazi. Nimemwambia arudie kuangalia. Akaangalia, akasema sawa, tena kwa fahari.

Ofisini Nukta kanisogelea na kadi mkononi. Kaisikia kwenye duka la mikate: mama muuza mikate kamwambia mumewe, "Heri unyamaze." Kaniletea mimi, kwa kuwa haimhusu. Bure! Nani anagawa kadi bure siku tatu kabla ya Ijumaa? Mtego huo. Nimemshukuru sana, nimekwenda nayo nyuma ya kabati, nimeichana vipande vinne.

Jioni nimepita duka la mikate. Mama yule bado anamwambia mumewe anyamaze, ila bila ile "heri". Nilipoipata kalamu mfukoni, mumewe alikuwa amenyamaza.

Ninazo nane. Ya nane ni yangu mwenyewe: "Nimepoteza sehemu kubwa ya siku."

Jumatano, 6 Mei

Leo nimetunga.

Basi. Nimeshasema. Nimejifungia stoo na boksi la viatu, kadi tupu na kalamu tatu za rangi tofauti, kwa saa mbili nikaandika thelathini na mbili. Na jamani, utamu! Nilitulia ghafla, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kinyozi: "Heri kipara kuliko kunyolewa nusu." Fundi viatu: "Nilitaka kukataa kazi yako, nikafikiri tena, nikaghairi." Mfamasia: "Mtoto wa jirani ana nafuu, leo kaiba sukari." Watu wangu wanaongea vizuri kuliko watu wa kweli! Hawagugumii, hawaniulizi mimi nani. Mwishoni mkono ulishachangamka, nikampa mama mkwe moja: "Kwa kweli kabisa, mkwe wangu ni bora kuliko mabinti zangu wote watatu."

Nimelipeleka boksi likiwa limejaa. Mama Mhariri kalitikisa kando ya sikio. Nukta kachungulia kadi za juu, akaniuliza kwa upole mbona watu wangu wote husema "kwa kweli kabisa". Nimemwambia ni mtaa mmoja, wamezoeana.

Saa tisa bomu. Mama Mhariri katangaza kwamba kesho hatasoma kadi tu kama alivyokuwa akifanya. Atachota tano kwenye kila boksi, kisha atakwenda kwa miguu yake kwa kila msemaji na kumuuliza kama kweli alisema. Sababu? Mwaka jana kibarua mmoja alimnukuu fundi saa aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Kaonyesha viatu atakavyovaa. Ni vya kutembelea mbali.

Nimeshuka ngazi mbilimbili. Kwa kinyozi kwanza. Nimemsihi, nimemwandikia kwenye karatasi, kasema atakariri, hana shida, shuleni alikuwa wa kwanza kwa kukariri. Kwa fundi viatu. Kasema hakumbuki alichosema asubuhi, seuze Jumanne, ila yuko tayari kuapia lolote nitakalompa. Kwa mfamasia. Kanitazama juu ya miwani mpaka nikanunua dawa ya kikohozi na kuondoka.

Kabaki mama mkwe. Nimekaa mbele yake nusu saa. Kila nikifungua mdomo, mdomo unakataa. Utamwambiaje mama wa mkeo aseme mbele ya mgeni kwamba wewe unawazidi watoto aliowazaa? Nimeishia kumuuliza goti. Bado, mwanangu.

Nimejituliza kwa hesabu. Kadi arobaini, zinachotwa tano, yake ni moja. Tena asubuhi nitawahi niifukie chini kabisa. Mke wangu kaniuliza mbona sijala. Nimesema kazi ya kudumu ina majukumu.

Alhamisi, 7 Mei

Yeye huchota kutoka chini.

Lakini niandike kwa utaratibu. Kaanza na boksi la Nukta. Wasemaji wake wote watano walikubali, wakarudia malalamiko yao, wakaongeza mapya. Nukta karudi na kadi sita zaidi ya alizotoka nazo. Kisha boksi langu. Mkono wa Mama Mhariri umezama hadi kiwiko. Mbili za kwanza zilikuwa katika zile nane za kweli, zikapita salama, nikaanza kuota. Halafu kinyozi, fundi viatu, mama mkwe. Kwa mpangilio huo huo. Kama kuna mtu aliniombea mabaya, basi alikazana.

Kwa kinyozi nilisimama nyuma ya Mama Mhariri nikimtolea macho. Alipoulizwa tu, kinyozi akakaza mgongo, akaweka mikono ubavuni, akasoma hewani bila kupumua: maana ya nne, heri kipara kuliko kunyolewa nusu, kinyozi, dukani kwake, Jumanne. Hata "Jumanne" kaitaja! Mama Mhariri akauliza kama kuna zaidi. Kinyozi akasema karatasi iliishia hapo. Kisha Mama Mhariri akanigeuza taratibu, akanitazama kichwa changu kulia, akanitazama kushoto, akaandika kitu.

Fundi viatu kaapa kabla hajaulizwa.

Njia nzima kwenda nyumbani nilikuwa natafuta la kusema. Mama mkwe anaumwa, hapokei wageni. Mama mkwe kasafiri. Mama mkwe haongei siku za Alhamisi. Nimefika mlangoni sina hata moja lililosimama.

Mke wangu alikuwepo, bado hajaenda zamu. Akamkaribisha mgeni vizuri, karibu mama, keti mama. Mama Mhariri akakaa, akajitambulisha kwa heshima zote. Akasema amekuja kwa habari ya kibarua wake, ambaye mkataba wake unaisha kesho, na ambaye bado hajajua kama atamwongezea au atamwacha aende.

Nilikuwa naangalia zulia. Lina maua kumi na moja.

Mama Mhariri akamsomea mama mkwe kadi, akamuuliza kama ni maneno yake. Mama mkwe akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena. Kuliko mabinti wote watatu. Akasema yeye mabinti anao wawili.

Nikainua macho, nikakutana na ya mke wangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kujificha. Alikuwa ameshika mkono wake ule wenye alama za pasi, akasema polepole, "Afadhali ungeniambia. Ningekasirika siku moja, yakaisha. Sasa sijui nikasirike siku ngapi."

Na mimi nikaandika.

Sijui nieleze vipi. Mkono ulikwenda wenyewe. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kalamu sikioni, na nilipopata fahamu nilikuwa nimeshafika kwenye "nani kasema, wapi". Wote watatu wananitazama. Mke wangu machozi yanamlenga, mumewe yuko mbele yake anaandika "mke wangu, sebuleni, Alhamisi". Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, aibu ya kuwasha masikio. Nikataka kuimeza ile kadi. Mama Mhariri akanyoosha mkono, nikampa.

Akaisoma. Akaisoma tena midomo ikitikisika. Akamgeukia mke wangu, akamwomba radhi, akamuuliza kama yu radhi maneno hayo yaingie kitabuni. Mke wangu akasema yaingie, ili na wengine wajue.

Hapo mama mkwe akakohoa. Akasema na yeye ana lake, kama kalamu ya mkwewe ina wino. Akasema, "Goti lilipata nafuu Jumanne ile ile. Sikusema, maana ningesema angeacha kuniuliza." Akasema marehemu mumewe aliishi naye miaka thelathini na moja na hakuwahi kumuuliza hali yake mara kumi na saba kwa siku moja. Wala kwa mwaka. Nimeandika. Safari hii nimeandika vibaya, maandishi yamepinda, kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Mke wangu kaenda zamu bila kuniaga.

Ijumaa, 8 Mei

Sikulala. Nimefika ofisini kabla ya mwenye duka la magodoro.

Saa nne tumeitwa. Kiti cha kudumu kapewa Nukta. Kasema asante, nukta. Kisha kanigeukia, akasema alitarajia nitaitumia kadi ya duka la mikate, alikuwa amenionea huruma kweli. Kumbe hakuna mtego! Ananichefua zaidi.

Mimi nimeambiwa nibaki. Mama Mhariri kazimwaga zile kadi thelathini na mbili mezani, akazisukuma pembeni kwa upande wa mkono kama makombo. Kasema katika kazi yake yote hajaona uongo uliokosa watu kiasi hicho. Lakini zile mbili za sebuleni, kasema, hajapata bora zaidi tangu aanze kamusi. Mtu anayeweza kuandika wakati nyumba yake inaungua ama ni mwendawazimu ama ni mfanyakazi wa kamusi, na yeye bado hajaamua. Kanipa mwezi mmoja wa majaribio. Neno moja jipya, kadi ishirini. Nikitunga hata moja, nisirudi hata kuchukua mwavuli.

Mwezi mmoja! Nimeshuka ngazi miguu haigusi chini. Nimemsubiri mke wangu nje ya duka la dobi mpaka zamu ikaisha. Katoka na harufu ya mvuke. Nimemwambia yote, tangu mwanzo, nikiwa nimesimama, hata habari ya kadi niliyoichana nyuma ya kabati. Nimemwambia sitamdanganya tena. Nilimaanisha. Tulipofika kona ya pili akasema nichukue mkoba, mkono unamuuma.

Barua hakuipeleka. Ameikunja mara nne akaiweka chini ya godoro, upande wake. Kasema mwezi si mrefu.

Jumatatu, 11 Mei

Neno langu jipya ni 'best'.

Nimelitafuta mtaani kutwa nzima. Watu ambao hawakuwahi kukiri kwamba kitu kimekuwa afadhali, leo waniambie kipi ni bora kuliko vyote? Nimemuuliza mama muuza mikate mkate wake upi unaongoza. Kasema yote imeungua. Kinyozi hataki hata kuniona, anasema nilimwaibisha kwa karatasi fupi. Kadi: sifuri. Zimebaki siku ishirini na nane.

Na Mama Mhariri kabana. Sasa hataki jina tu chini ya kadi. Kila msemaji wangu lazima aweke alama ya kidole, kwa wino, ili nisipate pa kupitia. Kanipa kidau cha wino mkononi mwangu mwenyewe, akaniangalia machoni. Nimemwambia nimejifunza, mama. Nilikuwa naona kabisa kwamba nimejifunza, na nikajipongeza kwa jinsi nilivyobadilika.

Kwa hiyo jioni hii nimekaa chumbani, nimefunga mlango, nakijaribu tu kile kidau kama kinafanya kazi. Nimebonyeza gumba la kulia kwenye kadi tupu. Limetoka vizuri sana, lina mistari ya mtu mzima, mtu mzito, mwenye duka. Fundi viatu huyo. Nikabonyeza la kushoto. Ajabu! Hayafanani hata kidogo. Mistari inazunguka kwingine kabisa. Kidole kidogo kimetoka chembamba, chenye haya, kama cha mwalimu wa kike wa chekechea, na nimeshaanza kusikia anavyoongea.

Mke wangu kagonga, kauliza nafanya nini humo ndani. Nimesema najiandaa na kazi, na huo si uongo.

Wasemaji kumi tayari, na bado sijavua soksi.